Barabara ikiongezwa, foleni nayo inaongezekaje?

Swali
Wakuu, naomba kueleweshwa. Nimesoma kwamba mtandao wa barabara ukiongezewa kiungo kimoja tu, kila dereva anaweza kuchelewa kuliko mwanzo. Kila dereva! Magari ni yale yale, barabara zimeongezeka, sasa huo muda wa ziada unatoka wapi?

Jibu
Hiyo ni kazi ya Dietrich Braess, mwanahisabati Mjerumani, ya mwaka 1968. Shika kalamu mkuu, hesabu yake ni nyepesi.

Magari 4,000 yana njia mbili. Ya kwanza inaanza na barabara nyembamba, inamalizia na pana. Ya pili ni kinyume: pana kwanza, nyembamba baadaye. Kwenye pana ni dakika 45 hata yakiingia yote. Kwenye nyembamba, dakika ni idadi ya magari gawanya kwa 100. Madereva wanajigawa nusu kwa nusu: 20 jumlisha 45, dakika 65.

Sasa jenga daraja fupi katikati, linalounganisha nyembamba zote mbili. Kulivuka tuseme ni dakika sifuri. Nyembamba hata ikijaa ni dakika 40, nafuu kuliko 45, kwa hiyo kila mtu anapita nyembamba, anavuka, anamalizia nyembamba. 40 na 40, dakika 80. Atakayerudi njia yake ya zamani peke yake atatumia 85, basi harudi mtu. Hapa ndipo panaponiuma: hakuna aliyekosea, na wote wamepoteza robo saa.

Jibu
Hiyo ni ya kwenye karatasi. Barabarani je?

Jibu
New York, Aprili 1990, walifunga 42nd Street kwa Siku ya Dunia. Watu walitarajia foleni ya kutisha, haikutokea. Siku moja haithibitishi kanuni, ila inafikirisha.

Aliyeuliza
Kwa hiyo madaraja ya hivyo yasijengwe kabisa?

Jibu
Hapana, usiende huko. Rudia hesabu kwa magari 2,000. Bila daraja ni 10 na 45, dakika 55. Ukiwa na daraja ni 20 na 20, dakika 40. Hapo daraja ni mkombozi! Linaanza kuumiza magari yakizidi 3,000. Ndiyo maana nasisitiza wahesabu magari ya saa za msongamano kabla ya kumwaga zege, maana daraja linalosaidia saa nane mchana linaweza kuwa ndilo linalofunga barabara saa moja asubuhi.