Kosmolojia chuoni: nadharia, darubini au kompyuta?

Mtafutanjia
Wakuu, salamu. Namaliza uzamili wa fizikia na nia yangu ni moja: kusomea ulimwengu ulivyoanza na unavyotanuka, hadi nifundishe chuo kikuu. Nafasi za uzamivu nilizoziona ni za aina tatu. Ipo nadharia, yaani hesabu na karatasi. Upo uchunguzi wa darubini. Na upo uigaji, kuunda ulimwengu ndani ya kompyuta na kuulinganisha na ule halisi. Moyo wangu uko kwenye nadharia, ila naogopa kukosa kazi. Mliopita huko, mnasemaje?

Kalamu na Mlinganyo
Mimi ni mtu wa nadharia, mwaka wa tisa tangu nimalize uzamivu. Hungoji zamu ya darubini wala ruhusa ya kundi. Wazo likija asubuhi, jioni umeshaanza kulipima. Makala zangu nyingi zina waandishi wawili au watatu, kwa hiyo anayesoma anajua kazi ipi ni yangu. Lakini nafasi ni chache mno, na kutambuliwa kunakawia. James Peebles, mwananadharia wa kosmolojia, alianza kazi hii miaka ya 1960, Tuzo ya Nobel akaipata 2019 akiwa na umri wa miaka 84. Huyo ndiye aliyefanikiwa! Mimi nilihama vyuo vitatu kwa mikataba ya miaka miwili miwili kabla ya kupata ajira ya kudumu, na mambo ya familia yakasubiri. Sijutii, ila uyajue mapema.

Zamu ya Usiku
Hapo tunatofautiana kidogo, mkuu. Mwaka 1998 makundi mawili yalipima supanova (nyota zinazolipuka) za mbali yakakuta zimefifia kuliko ilivyotarajiwa, yaani ziko mbali zaidi, na ndipo tukajua utanukaji wa ulimwengu unaongezeka kasi. Hilo lilitoka kwenye vipimo. Leo mradi wa DESI, unaochora ramani ya galaksi kwa darubini, una nyuzi 5,000 za kupitisha mwanga zinazoelekezwa na roboti ndogo, kila uzi unanasa mwanga wa galaksi yake. Matokeo yao ya 2024 na 2025 yanadokeza kwamba huenda nishati ya giza, ile inayodhaniwa kuharakisha utanukaji huo, inabadilika kadiri muda unavyopita. Bado haijathibitika, lakini nani hataki kuwepo jibu likitoka?

Kukesha mlimani ni sehemu ndogo sana ya kazi. Muda mwingi unasafisha data na kusaka hitilafu za chombo. Gharama yake ni kwamba makala moja inaweza kuwa na majina mamia, na kamati ya ajira itakuuliza wewe hasa ulifanya nini. Shika kipande kimoja ndani ya mradi ambacho kila mtu anajua ni chako.

Binti wa Programu
Nilifanya uigaji kwenye uzamivu, sasa nachambua data nje ya chuo. Ni kweli njia hii inafungua milango mingi. Lakini usiichague kama bima, Mtafutanjia. Niliwahi kuendesha kazi miezi miwili kwenye kompyuta kuu, kisha nikagundua nilikosea kuweka hali ya mwanzo, nikarudia yote. Kinachokushikilia siku kama hiyo ni kulipenda swali lenyewe.

Mlezi wa Watafiti
Nimesimamia wanafunzi wa njia zote tatu. Kwangu mpaka kati yake umekuwa mwembamba. Tazama kasi ya utanukaji: tukianzia kwenye mwanga wa kale uliobaki tangu ulimwengu ulipokuwa mchanga, uliopimwa na setilaiti ya Planck, tunapata takriban kilomita 67 kwa sekunde kwa kila megaparseki (umbali wa takriban miaka-nuru milioni 3.26), tukipima kwa nyota za Sefeidi, ambazo mwanga wake hupanda na kushuka kwa mpigo, na supanova tunapata kama 73. Kujua kama kosa liko kwenye vipimo au kwenye nadharia, inabidi uweze kusoma pande zote mbili.

Kumbuka pia 2014, timu ya darubini ya BICEP2 iliyoko Ncha ya Kusini ilipotangaza alama ya mawimbi ya graviti (mitetemo ya nafasi yenyewe) ya mwanzo wa ulimwengu. Makala za nadharia zikamiminika. Baadaye data za Planck zikaonyesha kwamba vumbi la galaksi yetu lingeweza kutoa alama hiyo. Aliyelijua vumbi alikuwa na la kusema.

Nenda nadharia, lakini sura moja ya tasnifu iwe ya data halisi. Za Planck ziko wazi kwa yeyote.

Mtafutanjia
Asanteni sana. Nina nafasi mbili mkononi: moja nadharia tupu chini ya profesa mwenye jina kubwa, nyingine nadharia na data kwa msimamizi asiyejulikana sana.

Mlezi wa Watafiti
Waandikie waliokuwa wanafunzi wao, hasa walioondoka bila kumaliza. Uliza walikuwa wanaonana na msimamizi mara ngapi kwa mwezi.

Kalamu na Mlinganyo
Naunga mkono. Mimi sikuuliza, nikakaa muhula mzima bila kuonana na wangu.

Mtafutanjia
Nimewaandikia wanne. Wawili wa yule asiyejulikana wamejibu usiku huohuo: kila wiki, saa nzima, ubaoni. Wa profesa bado nawasubiri.