X-1 yangu ya mbao imeshika ukungu mweupe: nikwangue rangi yote?

MwanaMwalimu (Bukavu), Jumapili, saa 3 usiku

Jambo wakubwa, jambo wadogo. Ninaomba msaada kabla sijaitupa hii ndege ziwani.

Ninachonga Bell X-1, ile ndege ya majaribio ya Marekani ambayo Chuck Yeager aliipita nayo kasi ya sauti tarehe 14 Oktoba 1947. Maketi za plastiki, zile za kuunganisha vipande, hapa Bukavu sijaziona dukani, na ya kuagiza ingenifikia kwa bei ya kodi ya nyumba, kwa hiyo nimechonga mbao. Kipimo ni 1 kwa 32. Ndege yenyewe ilikuwa na urefu wa mita 9.4, na mabawa mita 8.5 ncha kwa ncha. Yangu ina sentimita 29 na nusu kwa 26 na milimita 7.

Kiwiliwili kilikuwa rahisi kuliko nilivyoogopa. Walioichora walifuata umbo la risasi ya bunduki kubwa, ile ya milimita 12.7, kwa sababu ilikuwa inajulikana kwamba risasi hiyo inakwenda bila kuyumba hata ikiwa imeipita sauti. Na umbo la risasi, sisi watu wa huku hatuhitaji kuchorewa. Nilimpelekea seremala anayezungusha miguu ya meza, akaniuliza kama ni mguu wa meza au wa kitanda, akamaliza kwa nusu saa.

Mabawa ndiyo yaliyonitesa. Ya X-1 ni membamba ajabu: unene wake ni asilimia 8 tu ya upana wa bawa, kutoka ukingo wa mbele mpaka wa nyuma. Kwa kipimo changu, katikati ya bawa ni milimita 3 na nusu. La kwanza lilivunjikia mkononi nikipiga msasa. La pili nililiacha dirishani usiku, asubuhi limepinda kama ganda la ndizi. Mwishowe nikachukua rula ya ubaoni ya marehemu baba, ile kubwa yenye tundu la kutundikia. Mbao yake imekauka darasani zaidi ya miaka 30, haipindi tena kwa mvua wala kwa jua. Nilikaa nayo siku tatu kabla ya kuikata.

Sasa shida. Rangi ni ya gari, ya chungwa, masalio ya kijana anayepaka matangi ya pikipiki hapa chini kwetu Nguba. Alinichanganyia na tina, ile dawa ya kuyeyushia rangi, akaniazima na pistoleti yake ndogo ya kupulizia rangi na kompresa. Nilikuwa nimeshapiga mastiki ya kuziba matundu, msasa namba 400, rangi ya kwanza ya kijivu, ikakauka siku mbili, safi kabisa. Jana magharibi mvua ilipotulia nikatoka barazani nikapuliza chungwa. Dakika mbili za kwanza iling'aa kama embe. Dakika ya tano ikaanza kugeuka maziwa. Mkia wote, bawa la kushoto lote na nusu ya la kulia, kama mtu amepumulia kioo. Nafuta kwa kidole, haitoki. Nikasogeza babula, jiko la makaa, karibu ili ikauke haraka. Imekauka, lakini na ukungu wake ndani.

Rangi imeoza? Nikwangue yote hadi kwenye mbao? Nikikwangua bawa hilo linaweza kubaki karatasi. Mke wangu ameitazama akasema inafanana na karoti iliyolala kwenye friji.

KijanaWaKadutu, Jumapili, saa 3:40 usiku

Tina ya kuchakachua hiyo. Wanaongeza petroli. Kwangua, nunua nyingine. Pole.

MamaRangi (Goma), Jumatatu, saa 12 asubuhi

Mdogo wangu, usikwangue kitu. Na wewe wa Kadutu, si kila balaa ni petroli.

Kwanza kabisa hiyo babula itoe. Mvuke wa tina hauonekani, unatambaa chini sakafuni mpaka unakutana na kaa la moto, halafu unarudi nao. Mimi nina miaka 19 napaka magari, na kovu nililonalo kwenye mkono wa kushoto ni la siku moja ya haraka kama yako.

Sasa ukungu. Tina inapokauka inachukua joto la kitu kilichopakwa. Jipake kidogo mkononi uone baridi yake. Bawa lako la milimita tatu halina joto la kutosha, linapoa upesi kuliko kiwiliwili. Hewa ikiwa imejaa maji, maji hayo yanatua juu ya rangi mbichi sawa na umande kwenye majani, na rangi inafunga nayo ndani. Ndiyo maana mabawa na mkia vimeharibika na kiwiliwili umekisahau hata kukitaja. Nimekosea?

Niambie: ulipopuliza, sakafu ya baraza ilikuwaje?

MwanaMwalimu, Jumatatu, saa 1 asubuhi

Yaya, dada yangu mkubwa, kiwiliwili ni kizima kabisa. Kinang'aa mpaka naona uso wangu.

Sakafu... nilimwaga maji. Ndoo mbili. Mjomba wangu anayekaa huko kwenu Goma alinifundisha: kabla ya kupaka mwagia sakafu maji ili vumbi lilale.

MamaRangi (Goma), Jumatatu, saa 1:15 asubuhi

Nimecheka mpaka wateja wananiangalia.

Mjomba wako ana haki, kwa Goma. Huku tumejenga juu ya lava, vumbi lake jeusi linaingia hata kwenye chai iliyofunikwa. Usipomwaga maji, gari jeupe linatoka na chunusi. Lakini hata mimi sitamwaga jioni mvua imetoka kunyesha. Wewe uko Bukavu, mwezi wa 11, mbele ya ziwa, magharibi, halafu unaongeza ndoo mbili! Ungepaka ndani ya sufuria ya ugali ingekuwa heri.

Fanya hivi. Mwambie kijana wa pikipiki akutafutie tina ya taratibu, ile inayochelewa kukauka. Wapakaji wa magari wanaijua, ni ghali kidogo, usikubali akwambie zote ni sawa. Subiri siku isiyo na mvua, kati ya saa 4 na saa 6 asubuhi, ndani ya chumba kilichokauka, mlango na dirisha wazi, jiko lolote lisiwake. Ndege na kopo viweke kwanza juani nusu saa ili vipate uvuguvugu. Halafu puliza tina hiyo peke yake, bila rangi, nyembamba kama pumzi, kwa mbali. Usiloweshe. Rangi italainika kidogo, yale maji yatapata njia ya kutoka, na chungwa litarudi. Likirudi, acha siku mbili, ndipo upake koti la mwisho ukiwa umechanganya na tina hiyohiyo.

Usianzie kwenye ndege. Paka kijiko cha plastiki, kiharibu kwa makusudi jioni, asubuhi kiponye. Kikipona, nenda kwenye bawa.

MzeeWaLuano (Lubumbashi), Jumatatu, saa 8 mchana

Mama amemaliza habari ya rangi, mimi sina la kuongeza. Huku Lubumbashi kuanzia mwezi wa 5 mpaka wa 9 hatuoni tone, mtu anapaka hata usiku, kwa hiyo ukungu huo nimeusikia tu. Ila nilishika spana za ndege miaka mingi kabla ya kustaafu, na kuna kitu kwenye maelezo yako kinanichekesha.

Kijana wangu, mke wako ana jicho kuliko wewe. X-1 ya kweli ilikuwa karoti ya kwenye friji. Injini yake ilikuwa na vyumba vinne vya kuchomea, ikila alkoholi iliyochanganywa na maji pamoja na oksijeni ya majimaji. Oksijeni hiyo inachemka kwenye nyuzi 183 chini ya sifuri. Ukiijaza tangini, unyevu wa hewa unaganda juu ya bati la nje, na ndege inavaa mkanda mweupe wa barafu. Tazama picha zake ikiwa angani, utauona. Kwa hiyo ukungu wako ni sahihi, umekosea mahali tu! Tangi la oksijeni liko nyuma ya rubani, mbele ya mabawa. La alkoholi liko nyuma ya mabawa, na hilo haligandi. Wewe umegandisha mkia na umeacha tangi linang'aa.

La pili. Umesema utaisimamisha kwa magurudumu au itaning'inia? Maana ukiweka barafu, magurudumu yanakuletea kesi. X-1 ilikuwa inabebwa chini ya tumbo la B-29, ndege kubwa ya mabomu, inaachiliwa juu, inachoma mafuta yake yote kwa dakika chache, halafu inashuka bila injini mpaka kwenye lile ziwa kavu la California. Ilipoyatoa magurudumu, tangi lilikuwa tupu. Kupaa kutoka chini kwa nguvu zake ilifanya mara moja tu, tarehe 5 Januari 1949, Yeager huyohuyo. Kama unataka magurudumu na barafu pamoja, hiyo ndiyo siku yako, na ujiandae kuwaeleza wageni wote.

La tatu, mlango. Uko ubavu wa kulia. Ukiwa bado hujauchora, kumbuka habari yake: siku mbili kabla ya ile safari ya 1947 Yeager alianguka kutoka kwenye farasi akavunjika mbavu mbili, mkono wa kulia ukawa hauna nguvu ya kuuvuta mlango. Mwenzake Jack Ridley akamkatia kipande cha mpini wa ufagio afungie kwa mkono wa kushoto. Hela yote ile ya serikali, na ufagio ndio uliofunga mlango.

MwanaMwalimu, Jumatatu, saa 2 usiku

Mzee, umenivunja mbavu na mimi. Nimeshatoboa matundu ya magurudumu. Matairi nimeyakata kwenye kandambili kwa kipande cha bomba la antena, jioni tatu nzima. Na puani nimetoboa nikajaza risasi za kuvulia samaki, vile vipande vizito vya nyavu, ili isikalie mkia.

Ngoja nifikiri.

KijanaWaKadutu, Jumatatu, saa 2:10 usiku

Ziba. Matairi nipe mimi, nina Jeep ya waya.

MwanaMwalimu, Jumanne ya juma lililofuata, saa 3 usiku

Aksanti sana yaya, aksanti Mzee. Ninaleta majibu.

Mvua ilitunyima nafasi mpaka Jumamosi. Tina ya taratibu ilipatikana, kijana wa pikipiki alikuwa nayo chini ya meza muda wote, anaificha kwa ajili ya wateja wa matangi meusi kwa sababu kwenye nyeusi ukungu unaonekana zaidi. Hakuwa amefikiria kwamba ndege ya mbao inastahili. Saa 4 na nusu niliweka ndege juani juu ya bati la choo, nikamweka mtoto alinde kuku wasiikanyage. Kisha chumbani, dirisha wazi, sakafu kavu.

Pumzi ya kwanza haikufanya kitu. Ya pili nikaona ncha ya bawa inakuwa na giza kidogo, kama kitambaa kilicholowa. Nikasimama, nikahesabu mpaka mia. Chungwa likaanza kurudi kutoka ncha kuja ndani, polepole, na ule ukungu ukawa unakimbia mbele yake. Nilimwita mke wangu aje aone, akaja na kijiko cha mboga mkononi, akasimama mlangoni bila kusema neno, na huyu mtu si wa kunyamaza.

Kuna sehemu moja kwenye mkia, pale unapokutana na kile kibawa cha mlalo, rangi ilikuwa nzito ikateremka tone moja. Nimeliacha likauke, nitalilaza kwa msasa namba 1000 na maji.

Habari ya barafu. Baba alikuwa na kamusi kubwa ya Kifaransa yenye picha, na ndani yake X-1 ilikuwa nyeusi na nyeupe. Mpaka napata simu yenye intaneti nilikuwa najua ndege hiyo ni ya kijivu. Kwenye picha ile, nyuma ya dirisha la rubani, palikuwa na kama baka jeupe limezunguka mwili. Nilimuuliza baba ni nini. Alitazama sana, akasema labda rangi imebanduka kwa kasi. Kwa mtoto wa miaka tisa hilo lilikuwa jibu tosha, nilikwenda nalo shuleni nikawatambia wenzangu kwamba iko ndege inayokimbia mpaka inavua rangi. Mzee aliponieleza habari ya tangi nilitoka nje kidogo.

Kwa hiyo magurudumu nimeyaacha. Matundu nimeziba kwa mastiki, itasimama juu ya waya wa shaba kama iko angani, pua juu kidogo. Matairi yamekwenda Kadutu. Zile risasi za puani zimebaki humohumo, hazitoki tena.

Mkanda wa barafu nimeupiga leo asubuhi: nyeupe isiyong'aa, kipande cha sponji ya godoro, nakigusisha kwenye rangi, nakipangusa kwenye gazeti mpaka kinakaribia kukauka, ndipo nagusa ndege. Kingo nimeziacha zimechanikachanika. Mkanda wa kwanza ulitoka umenyooka mno, ukafanana na utepe wa zawadi, nikaufuta. Wa pili umekubali. Jina la Glamorous Glennis ataliandika yule mzee anayeandika majina ya mitumbwi bandarini, ameniahidi Alhamisi. Nilimwambia ni jina la mke wa rubani, akasema basi hatakubali nimharakishe.

MamaRangi (Goma), Jumanne, saa 3:20 usiku

Vizuri sana mdogo wangu. Lakini sema ukweli, ulijaribu kwenye kijiko kwanza?

MwanaMwalimu, Jumanne, saa 3:22 usiku

Vijiko vinne, yaya. Viwili vilipona.