Kabati la mninga la mama halinunuliki, nifanyeje?

Mtoa mada: Habari za jioni wakuu. Mama kahamia kwangu Mbagala na kabati lake la vyombo la mninga, vioo juu, droo chini, lilichongwa Keko miaka ya 1980. Nimelitangaza mwezi mzima. Wanaopiga simu wanalitaka kwa bei ya kuni, wengine wanasema la kizamani. Vanishi imekuwa nyeusi na mguu mmoja umebunguliwa. Sebule yangu ndogo, na mama hataki kusikia habari ya kulitupa.

Fundi_Randa: Dada, kwanza hakikisha. Chomoa droo, kwangua fremu kwa ndani na wembe. Mninga ni wa kahawia unaoelekea wekundu. Huo mguu nadhani ulichongwa kwenye ubao mweupe wa pembeni mwa gogo, maana kiini cha mninga mdudu hakiwezi kirahisi. Ugonge juu ya gazeti. Ukidondosha unga mpya, wadudu bado wamo, ukate uungwe mwingine. Vanishi itoe kwa msasa namba 80, kisha 120, malizia 240, ukifuata nyuzi za mbao. Na uvae barakoa! Vumbi la mninga linawasha pua na kuamsha pumu.

Mwana_Temeke: Mimi ningelivunja. Mninga siku hizi bei haishikiki, uza mbao.

Fundi_Randa: Hapana mkuu. Mbao zenye matundu ya misumari atapunjwa tu. Makabati mengi ya enzi zile ni pande mbili, la juu limekalia la chini. Angalia kama yanaachana. La chini linafaa kuwa meza ya tivii.

BibiWaTanga: Mwanangu, usithubutu kulipaka rangi, utaficha kitu pekee kinacholiuza. Likishang'aa piga picha mchana mlango ukiwa wazi, andika vipimo kwa sentimita, mtu ajue litapita mlangoni kwake. Ila mwulize mama kwanza, mali ni yake.

Mtoa mada: Asanteni sana. Nimekwangua, mninga kweli, mgongo tu ndio plaiwudi. Na yanaachana! Mama kakubali la juu liuzwe, la chini abaki nalo chumbani aweke kanga zake. Fundi, mguu nikiunga kwa mti mwingine rangi itafanana?

Fundi_Randa: Haitafanana, hata ukipaka vanishi nyeusi. Nenda Keko uombe kipande cha mninga kwenye masalia, na ubebe droo moja ulinganishe rangi hapohapo.