Kumwambia mtu "una jeni ya ugonjwa" halafu basi, ni sawa kweli?

Mleta mada:
Wakuu, mtu anapima vinasaba anarudi na karatasi imeandikwa ana jeni ya ugonjwa fulani, kuanzia siku hiyo hana amani, wakati jeni hazifanyi kazi kila moja kivyake. Chukueni sikoseli. Wagonjwa wa SS, yaani waliorithi jeni yenye kosa kwa baba na kwa mama, wote wana kosa lile lile, herufi moja tu kwenye jeni ya himoglobini, lakini unakuta ndugu wa tumbo moja, huyu kila mara analazwa na maumivu ya mifupa, yule anakua vizuri tu. Sababu mojawapo ni jeni nyingine kabisa, BCL11A, inayozima himoglobini ya kichanga (ile ya mtoto akiwa tumboni) mtoto akishazaliwa, ukirithi iliyolegea unabaki na himoglobini hiyo nyingi na chembe nyekundu hazijikunji hovyo. Ndo maana Casgevy, tiba iliyopitishwa Uingereza na Marekani 2023, haigusi jeni yenye kosa, inaenda kuikata BCL11A pale inapowashiwa kwenye chembe za uboho. Sasa karatasi ya jeni moja imekwambia nini hapo?

Mchangiaji 1:
Nakupinga mkuu. Huntington je, ule ugonjwa wa ubongo wa kurithi? Herufi CAG zikijirudia mara 40 au zaidi kwenye jeni yake, utaugua tu ukijaliwa umri. Huyo naye tumfiche? Tukizoea "inategemea jeni nyingine" watu wataacha kupima.

Mchangiaji 2:
Mi naona tatizo ni hizi alama za kukadiria hatari ya mtu kuugua, wanajumlisha majeni kibao kama madeni kwenye daftari. Utafiti wa Kilifi, Kenya, uliotoka 2005 ulionyesha AS (jeni ya sikoseli kutoka kwa mzazi mmoja tu) inakinga malaria kali, alfa thalasemia, kasoro nyingine ya himoglobini ya kurithi, nayo inakinga, ila mtoto akirithi zote mbili ile kinga karibu yote inapotea. Haya jumlisha hapo.

Mchangiaji 1:
Ukipima kundi kubwa la watu kujumlisha kunaeleza sehemu kubwa ya tofauti zao zinazotokana na jeni, msikuze mambo.

Mleta mada:
Kundi sawa, ila daktari mbele yake ana mtu mmoja. Na wa Huntington asifichwe, nakubali kabisa, ila hata pale umri wa kuanza kuugua unasogezwa na jeni kama FAN1 inayokarabati vinasaba, wawili wenye marudio sawa wanaweza kupishana miaka mingi tu. Sijasema watu wasipime jamani. Nataka karatasi iseme jeni zipi zimeangaliwa na zipi hazijaguswa, na mtaalamu akae na mtu amweleze kabla hajatoka nayo mlangoni.