Bingwa ni aliyeshinda au aliyebobea?

Wadau, kila ligi inapokaribia kuisha zinarudi hoja mbili, nami napinga zote. Ya kwanza: bingwa na mshindi ni kitu kimoja. Ya pili: "bingwa" ni neno la Kiarabu.

Nianze na mshindi, kwa kuwa asili yake iko wazi. Linatokana na kitenzi shinda, kwa mtindo uleule unaotupa mpishi kutoka pika. Kitenzi hichohicho kimezaa ushindi, shindano na mshindani, yule wa methali ya "asiyekubali kushindwa si mshindani". Ila shinda ina uso mwingine. Tunaulizana "umeshindaje?", tunasema fulani ameshinda njaa, yaani amekaa kutwa bila kula. Kwa maoni yangu nyuso hizi mbili ni ndugu: anayeshinda ni anayevuka kitu hadi mwisho wake, iwe siku au mpinzani. Ndiyo maana mshindi lazima awe na tukio. Mshindi wa nini? Wa mechi, wa bahati nasibu, wa uchaguzi. Tume ikimtangaza mbunge hutangaza mshindi, haitangazi bingwa, hata kama kura zimepishana kwa maelfu.

Sasa bingwa. Nenda hospitali ya rufaa uonane na daktari bingwa wa moyo. Kuna anayeuliza amemfunga nani? Huyo ni mtu aliyebobea, na kamusi zetu zinalieleza neno hivyo: mtu hodari, stadi wa jambo fulani. Kombe ni ushahidi wa ubingwa, nalo hutolewa baada ya msimu mzima. Novemba 2022 Ihefu waliifunga Yanga 2-1 kule Mbarali na kukata mwendo wa michezo 49 ya ligi bila kufungwa. Siku ile mshindi alikuwa Ihefu, hakuna ubishi. Msimu ulipoisha, bingwa akawa Yanga. Anayesema maneno haya ni sawa anieleze matokeo hayo atayasimuliaje.

Najua mtanijibu kwa mbio za Tokyo, Septemba 2025. Alphonce Simbu na Mjerumani Amanal Petros walipewa muda uleule, saa 2:09:48, ikabidi picha ya mstari wa mwisho iamue, na Simbu akawa bingwa wa dunia wa marathoni. Ubingwa kwa tofauti ya kufumba jicho! Kweli, cheo kilipatikana siku ile. Lakini Simbu alishachukua shaba ya dunia London mwaka 2017, na miaka yote iliyofuata alikuwa barabarani. Na Eliud Kipchoge, aliyeacha mbio njiani kwenye Olimpiki ya Paris 2024, sijasikia mtu akisema si bingwa tena wa marathoni. Alipoteza cheo, ujuzi haukuondoka.

Kuhusu Uarabu: shujaa ni la Kiarabu, na mzizi wake, yaani konsonanti zake tatu za Kiarabu, sh, j na ʿayn, unaweza kuuonyesha. Bingwa nani ameonyesha mzizi wake? Mnaodai hivyo mnasema Waomani wengine hutamka jimu, yaani herufi j ya Kiarabu, kama g, na hilo ni kweli. Lakini g peke yake haitoshi. Huo mfuatano wa ngw uko nyumbani kabisa katika lugha za Kibantu. Katika Kiarabu ni mgeni. Kutokuwa na shina lililo wazi kama la mshindi si sababu ya kulikabidhi neno kwa wengine. Tabia hii inaniudhi, maana kila neno zuri la Kiswahili hutafutiwa baba ng'ambo kabla hatujauliza Wazigua, Wapokomo au Wamijikenda wanasemaje.

Kwa hiyo ombi langu kwa watangazaji na wahariri wa michezo: aliyeshinda mchezo mmoja wa kirafiki mwiteni mshindi. Mwenye ushahidi wa kupinga, hasa mwenye neno linalofanana na bingwa katika lugha ya kwao, aliweke hapa pamoja na maana yake.