Mjadala: Timu ya Kikapu Ikifungwa Mfululizo, Je, Kocha Mkuu Ndiye wa Kuondoka?

Ndugu zangu, naomba tujadili kwa utulivu suala lililotugawa juzi kwenye kahawa hapa Majengo, Dodoma: je, timu ya kulipwa ya mpira wa kikapu inayofungwa kila wiki imwondoe kocha wake mkuu, au imvumilie? Wengi walisema aondoke mara moja, na mfano walioushikilia ni Detroit Pistons ya Marekani, ambayo msimu wa 2023/24 ilifungwa mechi 28 mfululizo na kumaliza ikiwa imeshinda 14 tu kati ya 82. Kocha Monty Williams alitupiwa virago baada ya msimu mmoja, akaja J.B. Bickerstaff, na msimu uliofuata timu ileile, kama walivyosema, ikashinda mechi 44.

Siikubali hesabu hiyo, kwa kuwa haikuwa timu ileile. Kabla ya msimu kuanza, Troy Weaver, aliyekuwa msimamizi wa usajili, naye aliondoka, akaja Trajan Langdon, na wakasajiliwa wakongwe kama Tobias Harris, Malik Beasley na Tim Hardaway Jr. Beasley na Hardaway wanajulikana kwa kufunga pointi tatu, yaani kurusha kutoka mbali na pete, na mlinzi anayelazimika kuwafuata huko mbali hawezi tena kuja kumzonga Cade Cunningham, nyota wa Pistons, anapopenya kuelekea kwenye pete. Williams hakuwahi kupewa watu hao.

Miami Heat nayo, mwaka 2010, ikiwa na LeBron James, Dwyane Wade na Chris Bosh, ilianza kwa kushinda mechi 9 na kupoteza 8, na kelele za kutaka kocha Erik Spoelstra aondolewe zikasikika kila upande. Pat Riley, rais wa timu, alimwacha kazini, na ubingwa ukaja 2012 na 2013.

Rafiki yangu mmoja alinijibu kwa mfano wa Cleveland Cavaliers, na hoja yake ni nzito. Januari 2016 walimfukuza David Blatt akiwa ameshinda mechi 30 kati ya 41, wakampa timu Tyronn Lue, na Juni wakawa mabingwa. Ni kweli, lakini Lue alikuwa msaidizi wa Blatt kwenye benchi lilelile. Wachezaji walimjua, naye aliwajua.

Jambo hili naliona kubwa kwa sababu nililishuhudia katika timu ya mtaani niliyokuwa nikiiandikia matokeo. Kocha aliondolewa katikati ya ligi, akaletwa mgeni mwenye mipango yake na majina yake ya mipango. Katika mechi ya kwanza, kijana anayeongoza mashambulizi aliitiwa mpango asioujua. Akageuka kutazama benchi, akageuka tena, na sekunde nane ambazo sheria inampa kuvuka mstari wa kati zikaisha mpira ungali mikononi mwake. Tulifungwa, na kijana yule ndiye aliyelaumiwa.

Msimamo wangu, basi, ni kwamba uongozi ueleze kwanza nani alisajili wachezaji na kwa mahitaji gani, na ikibidi kocha aondoke katikati ya msimu, nafasi ishikwe na mtu wa benchi hilohilo. Wenye mfano wa kocha mgeni aliyeingia katikati ya msimu na kuiinua timu bila mchezaji mpya hata mmoja, naomba muulete hapa tuupime.