Tupeane uzoefu: ni gurudumu gani uliloliunda upya likakufunza programu?

#1
Wakuu, habari za wakati huu. Kila anayeanza kuandika programu huambiwa asiunde gurudumu upya, atafute maktaba iliyopo, yaani msimbo ambao wengine wameshauandika. Kazini sina ubishi. Ila mwanafunzi naona anadhulumiwa. Naanza na langu.

Nilitaka kusoma faili za CSV, yaani jedwali la maandishi ambalo visanduku vyake hutenganishwa kwa koma. Si ni koma tu? Nikaandika mstari mmoja: kata kila penye koma. Nikajiona fundi. Ikaja anwani yenye koma ndani yake, imefungwa kwa alama za nukuu. Nikarekebisha. Ikaja nukuu ndani ya nukuu, ambayo kwenye CSV huandikwa mara mbili. Nikarekebisha tena. Kisha ikaja anwani iliyoshuka mstari katikati ya nukuu, nami nilikuwa nimeshaikata faili mstari kwa mstari. Jengo zima chini. Nikafuta yote, nikaanza kusoma herufi moja moja huku programu ikikumbuka: niko ndani ya nukuu au nje? Miezi baadaye nikagundua kitu hicho kina jina, mashine ya hali, na kina sura nzima kitabuni. Sura hiyo niliiruka kwa kuwa sikuona ni ya nini.

#2
Mimi seva ya HTTP, programu inayotuma kurasa za wavuti. Ujumbe mfupi ulipita, faili kubwa ikawa inafika nusu. Nilidhani TCP, njia inayobeba data mtandaoni, huleta ujumbe kama ulivyofungwa. Kumbe ni mtiririko wa baiti tu, ukisoma mara moja unapata kilichokwisha kufika. Content-Length, mstari unaotaja ujumbe una baiti ngapi, nilikuwa naiona kila siku nikidhani pambo.

#3
Kutafuta kitu kwenye orodha iliyopangwa kwa kuigawa nusu kila mara, mistari kumi hivi. Nilikosea mara nne! Aibu ilipungua niliposoma kwamba hata ile ya lugha ya Java ilikaa miaka na kosa hadi likatangazwa 2006: ilikuwa inajumlisha nafasi ya mwanzo na ya mwisho kabla ya kugawa kwa 2, na orodha ikizidi vitu bilioni moja na kidogo, jumla iliweza kuzidi uwezo wa namba ya biti 32 na kugeuka hasi.

#4
Mnasifia sana. Mimi niliunda hifadhi yangu ya nywila nikaiweka kwenye mradi wa watu. SHA-1 (hesabu inayogeuza nywila kuwa heshi, msururu wa herufi unaoiwakilisha) bila chumvi, yaani bila kuchanganya kila nywila na herufi zake za nasibu. Mwenzangu akauliza, mbona hawa wawili wana heshi moja? Kwa sababu nywila yao ni moja, na mwizi angeona hivyohivyo. Jasho lilinitoka. Bcrypt, iliyoundwa kwa ajili ya nywila, ipo tangu 1999. Chezeeni kwenu.

#5
Kalenda. 1900 si mwaka mrefu, 2000 ni mrefu. Nilipofika kwenye saa za kanda niliacha, sijarudi.

#6
(Mwenye mada) Mkuu #4, nakubali, ya nywila ibaki chumbani. Lakini nani mwingine angekueleza chumvi ukaelewa hivyo?

Wiki hii naunda Git yangu, programu ya kutunza matoleo ya faili. Faili inahifadhiwa kwa jina la heshi yake, herufi 2 za mwanzo zikiwa folda. Tatizo, heshi yangu hailingani na ya Git, na faili ni ileile.

#7
Git haipigi heshi yaliyomo kwenye faili peke yake. Mbele yake huweka neno blob, nafasi, idadi ya baiti, kisha baiti ya sifuri.

#8
(Mwenye mada) Imelingana! Ahsante mkuu. Ya folda usiniambie, naitafuta mwenyewe.